Kila nikitafuta mwenza wa kuandika naye hadithi naambiwa hakuna matokeo

*"Assalamu alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 23, nnakaa Wete. Nimejiunga na tovuti ya nje ya hadithi za kuigizana, zile ambazo watu wawili wanaandika kwa zamu, kila mmoja na mhusika wake. Nnapenda hadithi za majini na za Zanzibar ya zamani. Kwenye kisanduku cha kutafutia niliandika 'good writer who loves djinn stories in old Zanzibar and replies fast', nikaambiwa hakuna matokeo. Nikiandika neno moja tu yanakuja mamia, na mengi ni ya miaka iliyopita. Niliowaandikia wanajibu siku mbili tatu kisha kimya. Mmoja alitaka namba yangu ya WhatsApp na picha kabla hatujaandika hata mstari. Je, watu kama mimi hawapo? Nilipie akaunti ndiyo nionyeshwe watu? Na kwa Kiswahili nitafute vipi?"*

Waalaykum salaam, dada yangu. Watu kama wewe wapo, na tovuti haikufichi mtu. Shida iko kwenye ile sentensi. Umemwelezea mtu unayemtaka kama unavyomwelezea rafiki yako, na rafiki angekuelewa. Kisanduku cha kutafutia hakielewi maelezo. Kinachukua neno moja moja na kuuliza: hili limeandikwa wapi?

Tovuti za aina hii huweka faharasa, yaani orodha ndefu ya maneno, na mbele ya kila neno pana kurasa lilimoandikwa. Sentensi yako ina maneno 12. Matatu kati yake, who, in na and, aghalabu huachwa kwa kuwa yamo kila mahali. Yanabaki 9, na tovuti nyingi zitatafuta ukurasa wenye yote 9. Sasa fikiria: mtu anayeandika vizuri na kujibu kwa wakati, kwenye ukurasa wake ameandika "mimi ni mwandishi mzuri ninayejibu haraka"? Hakuandika. Ameandika kwamba kila zamu anatoa aya mbili mpaka nne, kwamba yupo mtandaoni jioni, kwamba majibu ya mstari mmoja hayamfurahishi. Huyo ndiye unayemtaka, na maneno yake hayamo kwenye sentensi yako. Tafuta kwa maneno ambayo yeye angeyaandika juu ya nafsi yake. Mengine yote nitakayokwambia yanatoka hapo.

Wanaoandika hadithi hizi kwa Kiingereza wana maneno yao, na kwa kuwa wanayarudia kila tangazo, ndiyo yanayotafutika. "Literate" ni mtu wa sentensi kamili na tahajia safi. "Multi-para" anatoa aya kadhaa kila zamu. "Novella" anaweza kukujibu kwa kurasa mbili, na atatarajia urudishe kiasi hicho hicho. "One-liner" ni mstari mmoja mmoja. "Third person" ni masimulizi ya nafsi ya tatu. "OC" ni mhusika uliyembuni mwenyewe, si wa kuazima kwenye filamu au kitabu. Na liko moja ambalo nadhani litakufaa sana: "fade to black". Wanaoliandika ni wale ambao tukio la faragha likikaribia wanafunga pazia na hadithi inaendelea asubuhi yake. Tovuti hizi zina watu wengi wanaotaka matukio ya chumbani kwa urefu na mapana. Kama wewe si miongoni mwao, neno hili linakutenganisha nao tangu mlangoni, kabla ya kuanza kuelezana na kuombana radhi.

Angalia urefu wa maneno yenyewe. Tovuti nyingi zinaendeshwa kwa hifadhidata ya MySQL, ambayo kwa mpangilio wake wa kuanzia haiweki maneno mafupi kwenye faharasa: chini ya herufi 4 kwenye mfumo wake wa zamani wa MyISAM, chini ya 3 kwenye mfumo mpya wa InnoDB. Kwa hiyo "OC" au "RP" (roleplay, yaani kuigizana) unaweza kuliandika ukapata patupu, ilhali limejaa kwenye kila ukurasa. Ukiona neno fupi halileti kitu, tumia refu lake, "original character", ndani ya alama za kunukuu ili maneno mawili yasitenganishwe.

Kabla hujaendelea, ijaribu tovuti yako uijue tabia yake. Inachukua dakika kumi tu. Fungua tangazo lolote, chagua ndani yake maneno mawili yasiyo ya kawaida, mfano jina la mhusika na jina la mji. Tafuta la kwanza peke yake, uangalie idadi ya matokeo. Ongeza la pili. Yakipungua, tovuti inadai maneno yote kwa pamoja. Yakiongezeka, inakubali lolote kati yake, na hapo kuandika maneno mengi kunakuongezea takataka badala ya kukuchujia. Kisha chukua maneno mawili yanayofuatana uyatie ndani ya alama za kunukuu. Matokeo yasipobadilika hata kidogo, huenda alama hizo hazina kazi pale. Mwisho weka alama ya kutoa mbele ya neno moja, bila nafasi kati yake na neno, uone kama lile tangazo linatoweka. Watu wengi huacha nafasi hapo, na alama inageuka kuwa doa tu.

Alama hiyo ya kutoa, itumie kwa hadhari. Tuseme hupendi hadithi zinazotokana na katuni za Kijapani, ukaandika:

djinn -anime

Umewaondoa wanaoandika anime, ndiyo. Lakini umemwondoa pia yule aliyeandika "no anime, please", ambaye khasa ndiye mwenzako. Faharasa haioni "no". Inaona neno limo, basi. Na kinyume chake ni hivyo hivyo: ukitafuta "djinn", atakuja na aliyeandika kwamba majini hayataki kabisa. Ndiyo maana mimi napendelea kutafuta kile ambacho mtu anakikubali, kisha kusoma, kuliko kufukuza kwa maneno. Fukuza neno moja tu, na iwe baada ya kuona kwa macho yako kwamba linakujazia matokeo yasiyokuhusu.

Tuje kwenye majini yenyewe. Kwa Kiingereza watu huliandika djinn, jinn, djinni, genie. Kwa faharasa hayo ni maneno manne yasiyojuana. Ukitafuta moja umekosa watu wa matatu. Tovuti ikikubali neno OR kwa herufi kubwa, andika:

djinn OR jinn OR djinni OR genie

Isipokubali, tafuta mara nne. Inachosha lakini hakuna njia ya mkato.

Na Zanzibar ya zamani? Hapa ndipo wengi wa kwetu wanapojifungia mlango. Mgeni anayeweza kuipenda hadithi yako huenda hajawahi kuliandika neno Zanzibar maishani mwake, seuze Unguja au Pemba. Ameandika majirani wa neno hilo: "Indian Ocean", "dhow", "sultan", "Oman", "spice trade", "Swahili coast". Ameandika zama: "1890s", "19th century", "Victorian". Hili la mwisho usilidharau. Wapenzi wa zama za Victoria ni wengi, aghalabu wanaandika London yenye ukungu, na hawahitaji kusukumwa sana kumpandisha mhusika wao meli. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, hivyo kwa hadithi ya miaka ya 1880 na 1890 msafiri wa kutoka Ulaya anashuka Forodhani bila kulazimisha historia. Beit al-Ajaib, jumba la sultani, ilijengwa mwaka 1883. Vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 vilikwisha kabla saa moja haijatimia. Mambo hayo unayajua tangu skuli, mwenzako hayajui, na ndiyo yatakayomvuta. Kumbuka tu kuwa tarakimu hutafutwa kama zilivyo: anayetafuta "1890s" hamwoni aliyeandika "1896". Kwenye tangazo lako andika zote mbili.

Maana kutafuta ni njia ya pande mbili, na hili watu wanalisahau. Wakati wewe unatafuta, na wengine wanakutafuta. Wasifu wako ukisema tu "napenda hadithi nzuri", hakuna atakayekufikia. Utie maneno yote tuliyoyataja, kwa tahajia zake zote, na utie kimoja ambacho hakuna mwengine anacho. Mfano magofu ya Pujini na habari za Mkama Ndume, mtawala wake wa kale: kwa mtu wa Pemba ni ya kila siku, kwa mwandishi wa mbali ni hazina. Jaza pia kila kisanduku cha vichujio (filters), kwani mtu akichuja kwa lugha na wewe sehemu ya lugha umeiacha tupu, unaondolewa kimya kimya kana kwamba huijui.

Kwa sababu hiyo hiyo, wewe nawe usiwashe vichujio vyote kwa pamoja. Fanya hesabu: tovuti ina watu 1,000, kila kichujio kinapitisha nusu. Cha kwanza kinabakisha 500, cha pili 250, kisha 125, kisha 62, na cha tano 31. Na hao walioondoka, wengi hawakukosa sifa. Waliacha sehemu tupu. Washa viwili au vitatu ambavyo huwezi kuvisamehe: umri wa miaka 18 na kuendelea, lugha, na mara ya mwisho kuonekana. Hicho cha tatu ndicho dawa ya yale matokeo ya miaka iliyopita. Kipange kwa siku 14, na ukipata wachache sana, 30. Kama hakipo, panga matokeo kwa tarehe, jipya juu. Tangazo la jana la mtu anayeelekea kufaa lina faida kuliko la miaka mitatu nyuma la mtu anayefaa kwa kila kitu, kwani huyo wa pili huenda hata nywila yake ameshaisahau.

Kisanduku cha tovuti kikiwa dhaifu, pita kwa Google. Andika "site" na nukta mbili, kisha anwani ya tovuti bila nafasi yoyote, halafu maneno yako:

site:anwaniyatovuti.com djinn OR jinn "Indian Ocean" after:2025-01-01

Hilo neno "after" lenye tarehe linaondoa ya zamani, nawe badilisha mwaka kadiri unavyotaka. Mpaka wake ni kwamba Google inaona kurasa za wazi tu. Kilichomo nyuma ya mlango wa kuingilia kwa nywila haikioni.

Kutafuta kwa Kiswahili kuna tabu yake, na inatokana na umbo la lugha yetu. Vitenzi vyetu vinabadilika mbele ya mzizi: natafuta, ninatafuta, nnatafuta, tunatafuta, anatafutwa. Tovuti zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza zimezoea neno linalobadilika nyuma, hivyo hata pale zinapokubali nyota mwisho wa neno, "tafut*" haiwezi kumfikia mtu aliyeandika "natafuta", na nyota ya mbele nyingi huikataa. Basi achana na vitenzi. Tafuta majina ya vitu, na uyatafute kwa umoja na kwa wingi: hadithi, zamu, mhusika na wahusika, mwenza na wenza, jini na majini. Jiandae tu kwamba "majini" itakuletea na samaki, pweza na viumbe wengine wa baharini. Liongezee "sheitani" au "mizimu" kuwapunguza. Na usishangae ukikuta Wakenya na watu wa Bara wanachanganya, tangazo lote Kiswahili na neno "roleplay" limesimama katikati kwa Kiingereza. Litafute hilo pamoja na "hadithi" na utawapata.

Ukishabakiwa na watu wanane au kumi, kutafuta kumekwisha na kusoma kunaanza. Usiusome wasifu peke yake, kila mtu hujipamba. Fungua hadithi ambazo mtu huyo ameshaandika na wengine hadharani, usome zamu zake tatu za mwisho. Tazama kwanza kama anamtendesha mhusika wa mwenzake. Akiandika "akamshika mkono, naye akacheka na kukubali", na huyo aliyecheka si wake, ameshakunyang'anya kalamu. Na wewe atakufanyia hivyo. Tazama mwisho wa zamu: je, anakuachia cha kushika, swali, mlango unaogongwa, au anamaliza kila kitu mwenyewe? Kisha angalia tarehe kati ya zamu na zamu. Ahadi ya kujibu kila siku haina uzito kama tarehe zinaonyesha siku tisa.

Hao wanaonyamaza baada ya siku mbili, usiwachukulie kuwa wamekudharau. Mara nyingi ni wawili waliotofautiana kasi au urefu bila kuambiana, na mmoja akaona aibu kusema. Saa nazo zinachangia. Sisi tuko saa tatu mbele ya GMT. Saa 2 usiku Wete, London wakati wa baridi ni saa 11 jioni, na New York ni saa 6 mchana, mtu yuko kazini. Manila ni saa 7 usiku, amelala. Nairobi na Dar ni saa ile ile yetu, Muscat imetutangulia saa moja tu, na huko Wazanzibari hawakosekani. Kama unataka mtu wa kupokezana naye jioni moja zamu tatu nne, mtafute katika saa hizo. Kama unaridhika na zamu moja kwa siku, Marekani inafaa vizuri, kila mmoja anaamka akute barua. Ila ukitaja muda kwa mgeni andika 20:00 UTC+3, yaani saa 2 usiku kwa saa zetu. Ukimwandikia saa 2 atakusubiri saa nyingine kabisa.

Ujumbe wa kwanza usiwe salamu tupu. Uonyeshe umemsoma, useme kiasi chako, na ufungue mlango wa kutokea. Mfano, kwa lugha mtakayotumia:

"Nimesoma tukio lako la bandarini, pale mhusika wako alipokataa kupanda chombo. Naandika aya 2 hadi 4, mara tatu kwa wiki, usiku wa UTC+3. Nina wazo la Zanzibar ya 1896 na jini aliyefungwa ndani ya nyumba ya mawe. Matukio ya faragha nafunga pazia. Ukipenda, tujaribu zamu tano kila mmoja, kisha tuambiane kama tunaendelea. Asiyejibu siku 7 bila taarifa tutajua amejitoa, bila lawama."

Hizo zamu tano ni muhimu. Mbili hazitoshi, kila mtu hung'ara mwanzoni. Ya tano ndipo unapoona kama anakumbuka ulichoandika kwenye ya kwanza. Waandikie watatu kwa wakati mmoja, wasizidi hapo, maana wakikubali wote itabidi uwaandikie wote.

Kuhusu kulipia, bado. Akaunti ya malipo kwa kawaida inakuuzia vichujio zaidi, nafasi ya kuhifadhi utafutaji wako, au tangazo lako kukaa juu. Watu ni wale wale. Kama utafutaji wa bure, ukiandikwa vizuri, unakuletea kurasa nyingi kuliko uwezavyo kusoma kwa wiki, pesa yako nunulia bando. Lipa pale tu unapojua kwa jina kichujio kinachokukosesha, na uone kweli kimeandikwa kwenye orodha ya wanacholipia.

Sasa huyo wa WhatsApp na picha. Mtu anayetaka hadithi anaanza na hadithi. Namba yako inafichua jina, na mara nyingi sura na jamaa zako. Hakuna tukio lolote la maandishi linalohitaji hayo. Mjibu kwa sentensi moja kwamba unaandikia ndani ya tovuti tu. Akiudhika au akirudia, mzuie na uwaripotie wasimamizi. Kabla ya hapo unaweza kunakili sentensi yake moja nzima na kuiweka ndani ya alama za kunukuu kwenye Google. Wanaonasa watu huwa wanatuma ujumbe ule ule kwa wengi, na mara nyengine utauona umebandikwa na mtu aliyekwisha kulalamika. Picha ya wasifu wake nayo itafute kwa utafutaji wa picha. Kwako wewe, tumia jina la kalamu, taja umri wa kweli kwa miaka tu, na mahali sema Zanzibar, bila ya kuutaja mji wala mtaa. Na mwenza yeyote akijitaja kuwa chini ya miaka 18, au ukihisi hivyo, acha hadithi hapo hapo.

Kama mambo yameshavuka hapo, mtu ana picha yako au mazungumzo na anatishia kuyasambaza au anataka pesa, hilo halitatuliwi mtandaoni tena. Usilipe, maana anayelipa mara moja huombwa tena. Usifute kitu, hata kama unaona aibu kukitazama. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, mwende pamoja kituo cha polisi, muulize Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Zanzibar pia, na kumsumbua mtu kwa vitisho kupitia mtandao ni kosa ndani yake. Nendeni na picha za skrini zinazoonyesha tarehe, na anwani kamili ya ukurasa wake iliyonakiliwa herufi kwa herufi, kwa sababu jina analoonyesha anaweza kulibadilisha kwa dakika moja.